Picha yako ya Krishna Reddy: chapa sio fotokopi, na jiki iweke mbali kabisa

"Shikamoo mwalimu. Naishi New Jersey, kwetu ni Tanga. Miaka minne nimemtunza mzee mmoja wa Kihindi, mwalimu mstaafu wa chuo, mwaka jana akafariki na wanawe wakanipa picha iliyokuwa ukutani juu ya kiti chake. Nyuma ya fremu kuna kikaratasi kimeandikwa Krishna Reddy, Whirlpool, 1963. Mbele chini kuna saini ya penseli na herufi e.a. Rangi ni buluu na kijani na kwa mbali kama machungwa, mistari midogo midogo kama wavu inazunguka mpaka katikati kuna kama shimo. Rafiki yangu anasema hiyo ni print tu, yaani kopi, haina maana yoyote. Mama mdogo nilimtumia WhatsApp akasema hilo ni jicho, ni mambo ya ushirikina, basi nimeigeuza inatazama ukuta. Halafu karatasi imetoka madoa ya kahawia kama vidoti vya kutu, nimeona video mtu anasafisha kwa jiki na pamba. Je ni kopi kweli? Maana yake ni nini? Naweza kuisafisha mwenyewe? Niuze au nibaki nayo? Na hizo rangi zote zinatokaje, maana mzee kila siku alikuwa ananiambia 'bati moja tu, mara moja tu' na mimi nilikuwa naitikia tu bila kuelewa."

Marahaba dada, na pole sana kwa mzee wako. Miaka minne ya kumtunza mtu ni mingi, na wanawe kukupa picha iliyokuwa juu ya kiti chake naamini hawakuokota tu kitu cha kukupa. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, una maswali matano lakini kwa kweli yote yanafunguliwa na yale maneno ya mzee, bati moja tu, mara moja tu, kwa hiyo nitaanzia hapo hapo. Ila kabla sijaenda mbali: jiki usiiguse. Hata tone moja. Kwenye madoa tutafika na nitakueleza kwa nini.

Hili neno print ndilo linaloleta shida yote. Kwa Kiingereza neno hilo hilo linabeba karatasi iliyotoka kwenye printa ya ofisini, linabeba posta ya dukani, yaani bango la picha, na linabeba kazi kama hii ambayo ni kitu kingine kabisa. Sisi wa kazi hii tunasema chapa. Posta ni picha ya picha, yaani kuna mchoro wenyewe mahali fulani, mtu kaupiga picha, mashine ikatema karatasi elfu. Kwenye echingi, yaani chapa inayotoka kwenye bati la chuma, hakuna mchoro mwingine uliojificha mahali. Msanii anachonga bati la zinki au la shaba, mengine anayachimba kwa asidi mengine kwa mkono, na hilo bati likikamilika ukilishika ni chuma kimejaa makovu, huoni buluu wala kijani. Picha inazaliwa pale karatasi inapobanwa juu ya bati lenye wino, sio dakika moja kabla. Kwa hiyo zikitoka karatasi hamsini, zote hamsini ni zenyewe, hakuna ya hamsini na moja kabatini ambayo ndiyo "orijino". Rafiki yako sio mjinga, watu wengi sana wanafikiri hivyo, hata wanaonunua sanaa.

Na hizo herufi e.a. ni kifupi cha Kifaransa, épreuve d'artiste, maana yake chapa ya msanii. Utaratibu ni kwamba msanii anaamua idadi ya chapa zitakazouzwa, anaziandikia namba kwa penseli, kama 12/50 ni ya kumi na mbili kati ya hamsini, halafu anajiwekea chache pembeni nje ya hiyo hesabu, anaziandika e.a. au A.P. Hizo mara nyingi ndizo anazobaki nazo, anawapa marafiki, wenzake wa kazi, waliomsaidia. Mzee wako alikuwa mwalimu wa chuo na aliishi New Jersey, jirani na New York, na Reddy alifundisha New York University miaka mingi kuanzia miaka ya 1970, kwa hiyo kwamba walifahamiana sio jambo la ajabu, ingawa hilo wanawe ndio wanaoweza kukuambia, na nitakuomba uwaulize, nitarudi hapo.

Sasa rangi. Hapa nivumilie maana ndipo penye utamu wenyewe.

Unajua kanga inavyochapwa, kila rangi ina skrini yake. Nyekundu ina yake, nyeusi ina yake, njano ina yake, kitambaa kinapita kwenye moja baada ya nyingine, na ikikosewa kidogo tu unaona nyekundu imetoka nje ya mstari wake. Echingi ya rangi nayo kwa muda mrefu ilikwenda hivyo, rangi tatu mabati matatu, karatasi inapita mashineni mara tatu na kila mara lazima ikae palepale, na ile karatasi imeloweshwa kwa hiyo inatanuka na kusinyaa, ni kazi ya kukutoa jasho. Kilichofanyika Paris miaka ya 1950 kwenye karakana inayoitwa Atelier 17, ya Mwingereza Stanley William Hayter, ni kwamba vijana wawili kutoka India, Krishna Reddy na Kaiko Moti aliyetoka Bombay, pamoja na Hayter mwenyewe na wengine waliokuwa wanafanya majaribio pale, walipata njia ya kuweka rangi zote kwenye bati moja kwa pamoja na kuchapa mara moja. Siri yake ni mafuta.

Nikueleze kwa mkate. Chukua slesi ipake mafuta ya kupikia, halafu chukua siagi ya karanga ile ngumu iliyotoka kwenye friji ujaribu kuipaka juu yake. Haishiki. Inateleza, inabaki kwenye kisu, na kisu kinarudi na mafuta kidogo. Geuza sasa, paka siagi ngumu kwanza halafu mafuta juu yake, hapo mafuta yanakaa bila tatizo. Wino wa kuchapia ni vile vile. Wino mwepesi uliotiwa mafuta ya kitani mengi na wino mzito wenye mafuta kidogo ukivikutanisha, mzito ukija juu ya mwepesi unakataliwa, kwa sababu rola inapoinuka ile tabaka nyepesi ndiyo dhaifu, ndiyo inayopasuka katikati, na wino mzito unarudi zake kwenye rola. Hayo ndiyo yanaitwa mnato, na huku kwetu karakana inayochapa hivi huwezi kukosa chupa ya mafuta ya kitani mezani na mtu anahesabu matone.

Kisha unaleta bati. Bati halijachongwa usawa mmoja, lina ghorofa: kuna uso wa juu, kuna sehemu zilizochimbwa zikawa chini kidogo, kuna za chini zaidi, na kuna mifereji myembamba chini kabisa. Kwanza unasukuma wino mzito kwenye mifereji kwa kipande cha kadi, unafuta uso kwa kitambaa cha wavu mpaka wino ubaki mle mle ndani tu. Halafu unachukua rola ngumu yenye wino mwepesi wa mafuta, labda machungwa, unaipitisha mara moja bila kukandamiza, na kwa kuwa ni ngumu haizami, inagusa uso wa juu tu. Halafu rola laini, laini kama mpira wa mtoto, ina wino mzito wa buluu, hii unaikandamiza nayo inazama mpaka zile ghorofa za chini. Njiani inapita juu ya machungwa, lakini machungwa ina mafuta inaikataa, kwa hiyo buluu inakwenda kukaa chini tu palipo wazi. Unaweza kubadili mpangilio, wapo wanaoanza na rola laini, lakini sheria ni ile ile ya mkate. Mwisho karatasi nene ya pamba iliyolowa, mablanketi ya sufu juu, mashine inaviringika mara moja, umemaliza. Bati moja tu, mara moja tu. Mzee alikuwa anakupa darasa zima kwa maneno sita.

Mara ya kwanza nilipofundishwa hii kazi mwalimu wangu hakunionyesha picha yoyote. Alinipa kisu na vilima viwili vya wino kwenye kioo, akasema inua. Mmoja ulishuka kutoka kwenye kisu kama asali, uzi mrefu usiokatika. Mwingine ulisimama, ukakatika kama halua. Akasema sikiliza rola. Nikaviringisha, ule mwepesi kimya kabisa, ule mzito unalia, tss tss tss, kama kitu kinakaangwa mbali, na mpaka leo ndivyo ninavyopima, kwa sikio, kwa sababu siku ya baridi wino wote unakuwa mzito na matone uliyohesabu jana leo hayafai. Na rola zenyewe ni kubwa, nzito kuzibeba, maana inabidi mzunguko wake mmoja umalize bati lote, ukirudia mara ya pili unaacha alama. Nakwambia haya ujue kwamba kila karatasi inatayarishwa upya toka mwanzo, bati linapakwa upya, na mkono wa leo sio mkono wa jana. Ndio maana chapa mbili za bati moja la Reddy zinaweza kufanana kama ndugu lakini moja imeegemea kijani na nyingine imeegemea machungwa. Usishtuke ukiona Whirlpool nyingine mtandaoni haina rangi kama zako.

Jambo lingine ni jinsi rangi zinavyokaa. Hazikuchanganywa kwenye sahani. Zimekaa ubavu kwa ubavu, vijidoa na vijistari, na jicho lako ndilo linalochanganya, kama mkeka wa ukili za rangi, kwa mbali unaona rangi ambayo ukisogea haipo, unakuta ni ukili wa kijani na ukili wa zambarau vimepishana. Jaribu na picha yako. Simama hatua nne nyuma halafu sogea taratibu mpaka pua ikaribie kioo. Kuna mahali kijani kitavunjika kikawa buluu na njano.

Nikija kwa mama mdogo sasa, na hapa naomba umfikishie kwa heshima zote. Hilo sio jicho, sio hirizi, wala sio sanamu ya kuabudiwa. Jina lake ni kizingia cha maji, yale maji yanayojizungusha na kuzama katikati, aliyeona mto unaingia baharini au maji ya mvua yanavyoingia kwenye shimo la mtaro anakijua. Lakini mama mdogo kuna kitu amekiona sawasawa, kwamba picha inakuvuta, na imefanywa ikuvute. Pale alipokosea ni kudhani kwamba ishara lazima iwe kama msamiati, jicho maana yake hili, duara maana yake lile. Wapo wasanii wa hivyo. Reddy hakuwa wa hivyo.

Huyu alizaliwa 1925 kijijini karibu na Chittoor, kusini mwa India, Andhra Pradesh. Ujana wake alisoma Santiniketan kule Bengal, shule ya Rabindranath Tagore ambako darasa lilikuwa chini ya miti, na mwalimu wake wa sanaa alikuwa Nandalal Bose, ambaye alikuwa anawataka wanafunzi watoke wakatazame, jani linaotaje, mdudu anatembeaje, kabla ya kushika kalamu. Alikuwa huko huko ile njaa kubwa ya Bengal ya 1943 ilipoua watu kwa mamilioni. Nataja hiyo kwa sababu watu wakiona rangi zake nzuri wanadhani ni mtu aliyeona maua tu maishani. Baadaye akaenda London kusoma uchongaji, chuo cha Slade, halafu Paris akachonga kwa Ossip Zadkine, na ndipo akaingia Atelier 17, mpaka kufikia 1964 akawa anaiongoza pamoja na Hayter. India ilimpa nishani ya Padma Shri 1972. Amefariki New York 2018 akiwa na miaka 93.

Kwa hiyo ni mchongaji kwanza. Mimi nikitazama Whirlpool naona mtu aliyechonga bati kama mwingine anavyochonga mlango wa Lamu, kwa patasi na kwa mashine za umeme, kuna sehemu ya juu na sehemu ya chini, na akagundua kwamba rangi inaweza kufuata huo mchongo. Ukitazama kazi zake nyingine utaona anafuata kitu kimoja, mdudu, samaki, mbegu inayochipua, wimbi, tone linalopiga maji, na kila mara hachori umbo la nje, anachora ile nguvu inayolifanya liwe. Hata 1968 wanafunzi walipojaa barabara za Paris kuandamana alitengeneza Demonstrators, na ile ni picha ya watu lakini inakwenda kama mkondo. Miaka ya 1980 akaja na Great Clown, chale wa sarakasi katikati ya duara, huyo naye amezungukwa na wavu wa mistari. Mtu ukiziweka hizo pamoja na yako unaona kwamba duara na katikati yake ni swali alilolibeba miaka mingi: kitu kikizunguka hivi kinaelekea wapi, na pale katikati pana nini, utupu au chanzo. Wengine wameona humo mandala ya Kihindi, yaani michoro ya duara ya ibada, na mtu aliyelelewa Santiniketan huwezi kusema hakuzijua, lakini kwangu mimi maana iko kwenye namna yenyewe. Rangi zinakutana bila kuchanganyika, kila moja inabaki na yake, na kwa pamoja zinafanya maji. Hiyo naiona ni ishara tosha, tena imefanywa kwa mafuta na chuma, hata neno moja halikuhitajika.

Igeuze itazame chumba, dada. Kama moyo wako bado unasita iache chumba kingine kwanza, hakuna anayekukimbiza.

Sasa kama ni yake kweli. Hapa nitakuwa mkweli, kwa maneno na picha ya simu siwezi kukuhakikishia, na mtu yeyote akikuhakikishia kwa picha ya simu mkwepe. Kikaratasi nyuma ya fremu hakithibitishi kitu, mtu yeyote anaweza kukibandika. Saini ya penseli nayo peke yake haitoshi. Na ujue pia kwamba Reddy alifundisha watu wengi sana nchi nyingi, kwa hiyo ziko chapa za njia hii hii zilizofanywa na wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi, sio kila chapa yenye rangi zinazokataana ni yake. Lakini kuna vitu unaweza kuviona mwenyewe leo jioni bila kufungua fremu.

Zima taa ya juu, washa tochi ya simu uishike pembeni kabisa, iwe kama imelala ubavuni mwa kioo, mwanga uteleze juu ya karatasi. Tafuta ukingo, kama karatasi imebonyea kuizunguka picha yote, mstatili umezama kidogo, hiyo ni alama ya bati lilipobanwa. Ndani ya picha yenyewe utafute vilima na mabonde, maana bati lililochongwa kwa kina linaifinyanga karatasi, na mistari ya wino inasimama, sio bapa. Halafu tafuta kioo cha kukuza, kile cha mara kumi wanachotumia masonara ni bei ndogo tu. Kama ni posta ya ofseti, yaani ya mashine ya kiwandani, utaona vidoti vimejipanga kwa mpango, vijiua vidogo vya rangi vinavyojirudia kila mahali sawasawa, na kama ni printa ya kisasa utaona kama vumbi la wino limepulizwa. Kama ni chapa ya rola hutaona mpango wowote, utaona rangi zimepakana vibaya vibaya, hapa nene pale nyembamba, mahali rangi imekimbia kidogo kama mafuta juu ya supu. Tena itazame saini, penseli inang'aa kijivu ukielekeza mwanga, saini iliyochapwa haing'ai. Onyo moja, wapo waliochukua picha ya ofseti wakaibana na bati tupu ili ipate ule ukingo, kwa hiyo ukingo bila vilima ndani ya picha usikupe furaha mapema.

Haya, madoa. Ukiona vidoti vya rangi ya kutu vimetawanyika, mara nyingi ni unyevu uliokaa ndani ya fremu, ukungu mdogo au vipande vya chuma ndani ya karatasi vikashika kutu, au vyote kwa pamoja. Fremu za zamani pia zina kadi ya bei rahisi nyuma yenye asidi, inaipikia karatasi rangi ya chai taratibu miaka na miaka. Jiki inafanya nini? Inafuta rangi ya doa kweli, kesho yake unafurahi. Lakini klorini haichagui, inakata nyuzi za pamba zinazoishikilia karatasi, na huwezi kuitoa yote, inabaki ndani inaendelea kula, baada ya muda pale palipokuwa peupe panageuka njano na karatasi inavunjika kama biskuti. Nimeletewa mimi chapa ya mtu iliyosafishwa hivyo na fundi wa fremu, doa lilikuwa limeondoka, na ukingo wa bati nao ulikuwa umeondoka kwa sababu baada ya jiki aliipiga pasi. Hakuna cha kufanya hapo, nilimrudishia mwenyewe nikamwambia ukweli na akalia. Kwa hiyo jiki hapana, limau hapana, mkate na ufutio hapana, pasi hapana kabisa, maana ule mchongo kwenye karatasi ni nusu ya kazi yake, na usikubali mtu aibandike kwa gundi ya moto juu ya ubao ili inyooke.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuitoa kwenye hatari. Isikae ukuta wa bafuni wala jikoni, wala juu ya hita, wala pale jua linapopiga, makumbusho wenyewe kazi za karatasi wanaziwekea mwanga hafifu wa kama lux 50 tu. Chunguza kama karatasi imegusana na kioo, kama imegusana usiivute, iache hivyo hivyo mpaka fundi anayejua aifungue, kwa sababu wino unaweza kuwa umeshika kwenye kioo. Kubadilisha fremu peke yake, kadi isiyo na asidi mbele na nyuma, nafasi kati ya karatasi na kioo, na kioo kinachozuia miale ya jua, mara nyingi kunasimamisha uharibifu hata bila kugusa doa lenyewe. Na madoa machache mimi ningeyaacha, kwa maoni yangu chapa ya 1963 yenye vidoti vichache na mwili mzima ni bora kuliko nyeupe iliyochoka.

Lakini kuna hali ambazo lazima upate mtu wa kuiona kwa macho yake, tena usisubiri. Kama madoa yanaongezeka au unaona manyoya au unasikia harufu ya ukungu, kama karatasi imejikunja mawimbi, kama rangi inabanduka au inang'aa mahali ilipogusa kioo, au kama kuna vumbi la unga na vijitundu maana hao ni wadudu. Anayetakiwa ni mhifadhi wa kazi za karatasi, sio fundi fremu wa kawaida hata awe mzuri vipi. Huko Marekani kuna American Institute for Conservation, wana orodha ya wahifadhi unatafuta kwa eneo lako, chagua aliyesomea karatasi. Mpigie, mwambie ni chapa ya mnato yenye mchongo wa kina, aliyesoma atajua mara moja kwamba haibanwi. Akuandikie hali yake na bei kabla hajagusa. Mwingine atakuambia usifanye kitu, ukisikia hivyo ujue umempata mkweli.

Kuuza au kubaki nayo, hilo siwezi kukuamulia. Nikwambie tu hali ilivyo. Chapa haifikii bei ya mchoro wa rangi wa msanii huyo huyo kwa sababu ziko kadhaa, na madoa yanashusha. Ila Reddy sio jina dogo, 2016 makumbusho ya Metropolitan pale New York yalifanya maonyesho yaliyomweka yeye na Hayter na msanii mwenzao Zarina Hashmi pamoja, watu wanamtafuta. Ukitaka kujua thamani peleka kwa nyumba ya mnada yenye idara ya sanaa ya kisasa ya Asia Kusini, New York zipo, wengi wao wanatazama bila malipo, na usiende moja tu. Makumbusho kwa kawaida hayatakutajia bei. Na usiuze kwa mtu wa kwanza atakayekuja nyumbani na pesa mkononi, anayeharakisha mara nyingi anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Vyovyote utakavyoamua, jambo moja lifanye mwezi huu kabla watoto wa mzee hawajatawanyika. Waombe barua fupi, iandikwe kwamba picha ilikuwa ya baba yao, aliipata lini na kwa nani kama wanakumbuka, na kwamba wamekupa wewe kwa hiari yao, weka tarehe na saini. Hiyo barua inakulinda wewe, isije mtu siku moja akauliza mfanyakazi kaitoa wapi, na inailinda picha pia, maana historia ya nani alikuwa nayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko saini. Waulize na kama kuna picha ya zamani ya sebule ambamo chapa hii inaonekana ukutani nyuma ya baba yao. Kile kikaratasi cha nyuma nacho usikibandue, kipige picha kilivyo, hata fremu ikibadilishwa kihifadhiwe.

Halafu nitumie picha mbili. Moja ya kona ya chini yenye saini, nyingine ya pale katikati kwenye shimo, zote tochi ikiwa imelala pembeni kama nilivyokueleza na flashi imezimwa. Nataka nione kama karatasi imeinuka pale mistari inapokutana.